Meno ya Juu na Nyaya za Teksi

Mwanangu aliota meno ya juu kabla ya ya chini. Nalisema hili mwanzoni kabisa, ili anayetaka kufunga daftari hili alifunge sasa, akafukize ubani wake, aniache niandike kwa amani. Alikuwa na miezi saba. Nilikuwa namlisha uji wa mchele, kijiko kikagonga kitu, ti! Nikamfungua mdomo nikaona viwili, vyeupe, vidogo kama chenga za mchele. Juu. Chini hamna kitu.

Nikacheka. Nikamwambia, "Hee, baba, umeanzia ghorofani?"

Akacheka na yeye, mdomo wazi, na shangazi yake mume wangu, aliyekuwa akichambua mchicha mlangoni, akaona. Mchicha wote ukaenda chini.

"Mfunge mdomo," akaniambia. "Mfunge mdomo huyo mtoto, na usimtoe nje."

Kwa asiyekulia pwani nieleze. Mtoto anayetanguliza meno ya juu huitwa kigego. Wazee wanasema kigego ni nuksi: nyumba anayokaa haina baraka, mwenye kazi kazi inamkataa, mwenye afya anaugua, na wa kwanza kupatikana ni baba. Zamani, wanasema, vigego walikuwa wakitupwa. Wanalitamka neno hilo kama mtu anayezungumzia maganda ya ndizi. Siku hizi kuna Mwingereza na kuna polisi, mtoto hatupwi, basi anapelekwa. Anapelekwa mbali, kwa mtu asiye na cha kupoteza, na mama yake anaambiwa asilie, azae mwingine.

Mie sikuyaamini hayo hata kidogo. Nimesoma mpaka darasa la kumi, shule ya bweni ya wasichana, bara huko, kwa baridi na maharage. Watu wa mtaani kwetu hapa Temeke walikuwa hawajapata kumwona mwanamke aliyefika darasa hilo, na tangu nilipoolewa wameniangalia kama mtu aliyekuja na mkia. Lakini darasa la kumi halikunisaidia kitu siku ile, maana siku mbili baadaye teksi ya mume wangu ilikataa kuwaka.

Mume wangu ni dereva. Udereva aliufundishwa vitani, huko Burma, akarudi mzima na kofia moja na hamu ya gari lake mwenyewe. Gari akalipata, jeusi, dogo, kuukuu, na akaliita teksi, na watu wa Temeke wakawa wanapanda kwenda Kariakoo na hospitali na harusini. Analipenda. Asubuhi analipangusa kabla ya kunawa uso wake. Uani, ubavuni mwa jiko, alilijengea banda la makuti, na kila jioni akirudi analiingiza humo na injini ikiwa bado na moto. Ukipita karibu na boneti unahisi joto kama la jiko lililozimwa sasa hivi. Ilikuwa masika, mvua inapiga tangu alfajiri, mashimo yote ya bondeni yamejaa maji, na kila kiumbe chenye akili kilikuwa kinatafuta mahali pakavu pa kulala. Haya nayaandika sasa. Siku ile hakuna aliyeyawaza.

Asubuhi ile alizungusha hendeli mpaka jasho likamtoka. Injini ikakohoa ikanyamaza. Akafungua boneti, akaingiza kichwa, akakaa humo kitambo.

"Zimetafunwa," akasema. "Nyaya za plagi. Zimetafunwa."

Shangazi alikuwa amesimama mlango wa jiko na tasbihi yake.

"Zimetafunwa na nini?"

"Sijui, shangazi."

"Hujui. Kitu kinachotafuna kina nini?"

Mume wangu akafunga boneti.

"Kina meno," akajijibu mwenyewe. Akamtazama mtoto, aliyekuwa kiunoni kwangu ananyonya ncha ya kanga.

Nimseme shangazi kwa haki, si kwa mapenzi. Yeye ndiye aliyemlea mume wangu tangu ana miaka minne, mama yake alipofariki. Alimlea kwa kuuza vitumbua, akamtia chuoni, akamwoza. Katika nyumba ile neno lake halikuwa likijadiliwa; lilikuwa likisikika, watu wakainuka. Na simfanyi mwongo. Aliamini alichosema. Alikuwa na hofu kweli kweli kwamba mtoto wake yeye, yaani mume wangu, atakufa. Hilo nalijua na bado nina hasira.

Alhamisi yake akaja na chupa. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani, yametiwa asali, yamesomewa na mwalimu mmoja wa Buguruni. Dawa hiyo ilikuwa na kazi mbili: mtoto apakwe ufizi, na gari lipakwe nyaya. Kile kilichotafuna na kile kilichotafunwa, vyote vilainike, ugomvi uishe.

"Shangazi," nikasema, "mafuta kwenye injini?"

"Bibi shule," akasema, "umeniona nikikufundisha kusoma gazeti?"

Mume wangu akachukua kipande cha pamba, akachovya, akapaka. Waya mmoja mmoja, taratibu, kama anayempaka mgonjwa. Mie nilimpaka mtoto ufizi kwa sababu alikuwa ameshikiliwa mbele yangu na watu wanatazama. Akalamba. Akataka tena. Dawa tamu ile, mtu yeyote angetaka tena.

Baada ya siku nne nyaya zikakatwa tena. Safari hii si mbili, ni zote. Zilipelekwa kwa fundi mtaa wa Gerezani, zikabadilishwa, zikapakwa mafuta zaidi. Hazikumaliza wiki. Gari lilizimika njiani Keko likiwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa, na abiria na wapita njia wakalisukuma kwenye matope mpaka akapatikana mwenye pikapu wa kumwokoa. Mama alijifungua salama. Lakini mtaani tukapewa jina: teksi ya kusukuma. Wanaume barazani wakawa wanamwuliza mume wangu nauli ni kiasi gani kwa anayesukuma na kiasi gani kwa anayekaa.

"Nuksi inapigana na dawa," akasema shangazi. "Ongeza dawa."

Na mwanangu akafungiwa. Asitoke uani, asionekane barazani, akicheka azibwe mdomo kwa kanga. Majirani waliokuwa wakija kumbeba wakaacha. Bombani, nikifika na ndoo yangu, mazungumzo yanakatika kama uzi. Siku moja mwanamke mmoja, mnene, mcheshi, ambaye mie nilimwandikia barua tatu kwa mumewe aliyeko mkongeni, akaniuliza kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Mtoto hajambo, mwaya? Na meno yake?"

"Hajambo. Meno yanamwasha, anatafuta cha kuuma. Niazime kidole."

Wenzake wakacheka wakaziba midomo. Yeye hakucheka. Barua ya nne kaandikiwa na mtu mwingine.

Jumatatu moja nikakuta kikapu ukumbini. Kikapu cha ukindu, kipya. Ndani mna vinguo vya mwanangu, vimekunjwa vizuri, kibakuli chake, kijiko chake, na chupa ya mafuta. Nikamwuliza shangazi safari ya nani.

"Ijumaa baada ya swala wanakuja wazee," akasema. "Tumeshazungumza. Mkuranga yupo bibi mmoja, mtu mwema, hakujaliwa mtoto wala mume, nuksi haina la kumfanya. Amepokea wawili kabla ya huyu. Na wewe Idi ya kuchinja utakwenda kumwona."

"Nani amezungumza?"

"Sie."

"Mie simo katika 'sie'?"

"Wewe ni mama. Mama ataongea nini zaidi ya kulia?"

Sikulia. Naomba iandikwe hapa kwamba sikulia. Nilikichukua kikapu nikakipeleka chumbani kwangu, shangazi akakifuata akakirudisha ukumbini, nikakichukua tena, akakirudisha tena, mpaka ukawa mchezo wa kipuuzi nikamwachia.

Kesho yake, Jumanne, nilimfunga mwanangu mgongoni kwa kanga, sikumfunika, nikatoka kwa mlango wa mbele mchana kweupe. Nikatembea Temeke mpaka Gerezani kwa miguu. Njia nzima mtoto anacheka na watu, meno yake mawili yamewekwa nje kama maonyesho. Waliotaka kuona wakaona.

Gerezani nilimtafuta yule fundi anayetengeneza gari letu. Ni Singasinga, mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Nikamsalimu, nikamwambia mie ni mke wa dereva wa ile teksi ndogo nyeusi ya Temeke.

"Tena nyaya?" akapiga kelele. "Mama, kwa nini wewe nakaanga injini? Mafuta ya nazi, asali! Hii gari au maandazi?"

"Nani anazikata nyaya, fundi?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa mvua inatoka wapi.

"Panya. Mume yako hakusema? Mimi sema kwake mara ya kwanza: panya. Mara ya pili: panya. Mara ya tatu mimi sema, bwana, tafuta paka, acha kusumbua mimi."

Akaniletea kipande cha waya wa zamani. Waya wa gari umevikwa mpira, na juu ya mpira umezungushiwa uzi wa pamba. Akanionyesha kwa ukucha wake mweusi: mifereji miwili midogo, sambamba, imerudiwa rudiwa mpaka kwenye shaba. Meno ya panya. Akasema injini ni ya moto, panya wanapenda joto, na ule uzi wa pamba wanautaka kwa kutandikia watoto wao. Akasema anaona kazi hii kila masika. Magari ya Wazungu wa Oysterbay, malori ya Wahindi, yote. Kumbe nuksi ya mwanangu imefika mpaka Oysterbay.

Nikauliza jambo ambalo nalishukuru mpaka leo kwamba nililiuliza.

"Mara ya kwanza ilikuwa lini?"

Akafikiri, akijikuna ndevu. "Ramadhani. Mimi kumbuka sababu nilimpa chai, akasema amefunga. Mimi nikaona haya."

Mwanangu aliota meno baada ya Idi. Ramadhani nzima alikuwa kibogoyo.

Nikamwomba fundi vile vipande vya waya alivyokuwa ametupa. Akanipa vya kujaza mkono, akamchezea mtoto shavu kwa kifundo cha kidole kisicho na grisi, akasema ana meno mazuri. Nilikaribia kumbusu yule mzee.

Njia ya kurudi sikuiona. Nilikuwa nazungumza peke yangu. Mume wangu alijua! Siku ile anatoa kichwa kwenye boneti, shangazi anamwuliza zimetafunwa na nini, akasema "Sijui, shangazi", alijua. Alipaka mafuta waya mmoja mmoja akijua. Alikiona kikapu ukumbini akakizunguka, akijua.

Alaasiri aliporudi nikamfuata bandani kabla hajazima injini.

"Singasinga amekusalimu."

Akawa kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Umekwenda Gerezani?"

"Na mwanao mgongoni. Panya, bwana. Tangu Ramadhani."

Akazima injini. Akakaa ameshika usukani kama bado anaendesha.

"Ningemwambiaje?" akasema. "Amekwenda mpaka Buguruni kwa miguu kutafuta dawa. Ananiogopea mie. Nimwambie, shangazi, umechoka bure, ni panya? Amenilea yule."

"Na huyu nani anamlea?"

Akaachia usukani.

"Nilidhani itapita," akasema. "Nilidhani mvua zikiisha itapita."

"Ijumaa wanamchukua. Mvua hazijaisha."

Hakuniahidi kitu. Ningependa kuandika kwamba alisimama akasema mke wangu, niachie mie. Hakusema. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa kioo ambacho kilikuwa safi.

Basi nikafanya kazi yangu mwenyewe. Shuleni mwalimu wetu wa sayansi, Mzungu mwanamke mwenye soksi za kiume, alitufundisha kwamba ukitaka kujua kitu kimoja kinafanya nini, badilisha hicho kimoja tu, vingine vyote viache sawasawa. Nikachukua vipande viwili vya waya, urefu mmoja. Kimoja nikakipaka mafuta ya shangazi, kingine nikakiacha kikavu. Jioni nikaviweka bandani chini ya gari, shubiri moja kati yao. Asubuhi, chenye mafuta kimeliwa mpaka shaba inang'aa. Kikavu kimeguswa mahali pamoja tu. Jumatano nikaweka vingine viwili, nikavibadilishia upande. Alhamisi tena. Asubuhi tatu, jibu moja. Lile la kuguswa kwa waya mkavu lilinikera, kwa sababu nilitaka jibu safi, lakini sikulificha. Nimesoma kwa jasho, siwezi kudanganya waya.

Ijumaa wazee wakaja. Mkubwa wao ni kaka wa marehemu baba mkwe wangu. Tunamwita baba mkubwa. Mtu mpole, mzito wa kusikia sikio moja, fundi cherehani. Wawili wengine walikuja kujaza mkeka. Shangazi alikaa mlangoni mwa chumba chake, kikapu mbele yake. Mume wangu alikaa karibu na ukuta akiangalia vidole vyake vya miguu. Mie nikaambiwa nilete kahawa.

Nikaleta sinia. Birika, vikombe, kashata. Na katikati ya sinia, nyaya sita.

"Shikamooni."

"Marahaba. Nini hizi, mwanangu?" akauliza baba mkubwa, akiinua mmoja.

"Huo unaoushika ulipakwa dawa, baba. Huu wa pili haukupakwa. Siku moja, mahali pamoja. Tazama mwenyewe nani kaliwa."

Nikapiga magoti hapo hapo nikaeleza yote: Gerezani, mifereji miwili ya meno, asali, asubuhi tatu. Sikupumzika, nilijua nikipumzika nitaambiwa niondoke. Baba mkubwa akazileta nyaya karibu na macho, kama anayetafuta tundu la sindano.

"Hata huu mkavu umeguswa," akasema shangazi kutoka mlangoni.

"Umeguswa."

"Basi mafuta hayana kosa."

"Sikusema mafuta ndiyo yaliyoleta panya, shangazi. Nimesema yamewapikia."

Mzee mmoja akapaliwa na kahawa.

"Kama wazee wanataka kuona," nikasema, "wainuke."

Wakainuka. Nafikiri waliinuka kwa sababu ni gari, na wanaume hawawezi kukataa boneti ikifunguliwa. Nikaifungua mwenyewe. Nyuma ya betri, mahali ambapo mume wangu alikuwa amezoea kupangusa kwa mbele tu, nikaingiza mkono nikatoa furushi nililolivumbua jana yake. Pamba, nyuzi za nyaya, manyoya ya kuku, na vipande vya kanga nyekundu ambayo shangazi aliitafuta wiki mbili akimsingizia mtoto wa jirani. Katikati vitoto vitano vya panya, vyekundu, havina macho, vinagaagaa. Vina joto. Vilikuwa vizuri, kama kila kichanga. Nikaviweka chini mbele ya wazee.

"Haya," nikasema. "Vigego wenu hao. Wapelekeni Mkuranga."

Baba mkubwa akaanza kutabasamu. Shangazi hakutabasamu.

"Panya wapo dunia nzima," akasema. "Kwa nini waje kwa huyu? Kwa nini wasiende kwa mwenye lori pale kona? Panya wametumwa."

"Na nani?"

Hakuhitaji kusema. Wote wakamgeukia mwanangu, aliyekaa kwenye mkeka mdogo karibu na jiko, anagonga sufuria kwa mwiko.

Ndipo shangazi akaja na shauri lake. Akasema basi tusibishane. Mtoto awekwe ndani ya gari, nyuma, na gari liwashwe. Likiwaka, anabaki. Likikataa, kikapu ndicho hicho. Wazee wakaona ni shauri zuri. Mmoja akasema ni haki. Na mie nilijua gari litawaka. Nyaya zilikuwa mpya, fundi alizifunga siku chache nyuma, na asubuhi ile ile mume wangu alikuwa amekwenda Kariakoo akarudi. Ningeweza kushinda hapo hapo mbele ya watu.

"Hapana," nikasema.

"Unaogopa," akasema shangazi.

"Siogopi. Litawaka. Lakini kesho likikataa je? Na wiki ijayo? Kila likikohoa mtakuja na kikapu? Mwanangu hana kesi na betri. Hawekwi dhamana ya gari, likiwaka wangu, likizimika si wangu. Ni wangu likiwa bondeni magurudumu juu."

"Mwana wee!" akasema baba mkubwa, si kwa hasira.

"Na anayetaka kumchukua aje amchukue mikononi mwangu. Aje sasa hivi. Mie si bibi wa Mkuranga; ninacho cha kupoteza, na kwa hicho nitauma."

Nilikuwa nimekwenda kumwinua. Alikuwa mzito, amelowa, ananuka uji. Nikasimama naye katikati ya uani na nikamtazama mume wangu, aliyekuwa bado ameegemea mlango wa banda.

"Bwana. Waambie fundi alikuambia nini, na lini. Sisemi tena. Ukinyamaza, mie na huyu tunatoka kwa mlango ule, na wewe ubaki na teksi yako."

Nilimaanisha. Nilikuwa sina pa kwenda, wazazi wangu wako mbali, lakini nilimaanisha.

Kuku walivifikia vile vitoto vya panya na hakuna aliyewafukuza.

"Panya," akasema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Aliniambia panya. Ramadhani. Kumi la kwanza."

"Ramadhani?" akasema shangazi.

"Meno yalikuwa bado, shangazi."

Nilimwona akihesabu. Midomo ilikuwa ikicheza. Halafu uso ukabadilika, na kwa mara ya kwanza hasira zake hazikuja kwangu.

"Ukaniacha nikaenda Buguruni?" akamwuliza. "Mara tatu? Kwenye mvua, na miguu yangu hii? Na ukapaka?"

"Nisamehe."

"Ukapaka!"

Nilidhani yameisha. Hamjui shangazi. Alivuta pumzi, akainua kidole. "Lakini meno huwa yamekwisha kupangwa ufizini tangu tumboni. Nuksi haingoji mpaka ionekane."

Baba mkubwa akacheka. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. "Dada yangu," akasema, "hata mie nina meno yalipangwa tumboni, na cherehani yangu imevunjika jana. Basi, dada. Basi." Akaomba apewe kahawa nyingine, akarudi ukumbini, wenzake wakamfuata. Akanigeukia mie njiani. "Sasa tufanye nini na hilo gari?"

"Tafuteni paka," nikasema.

Mume wangu hakuwafuata. Alikichukua kile kikapu mbele ya shangazi, akakipeleka chumbani kwetu, na safari hii hakuna aliyekifuata. Nilimsikia akitoa vitu kimoja kimoja. Chupa ya mafuta akaja nayo nje akammiminia kuku mwenye upele wa miguu. Kisha akachukua maji ya moto na sabuni ya mche, akavua shati, akaanza kuosha nyaya zote. Niliwasha moto nikampikia chai, lakini sikuongea naye mpaka Jumapili. Kusema umechelewa si sawa na kusema mapema, na nilitaka alijue hilo vizuri.

Mwanangu sasa amepita miaka miwili, ana meno yote, juu na chini, na anayatumia. Baba yake mzima, mnene. Nyaya zimeliwa mara mbili tangu siku ile, masika kwa masika, na tumebadilisha bila kumwita mtu. Paka tulimpata, analala kwenye kiti cha abiria, kazi hafanyi. Nimeandika haya kwa sababu mwezi uliopita, mtaa wa pili kutoka kwetu, nimeona kikapu kingine cha ukindu mlangoni mwa mama mmoja msichana mdogo, na nikaingia bila kupiga hodi. Tulizungumza mchana kutwa. Mtoto wake bado yupo.

Shangazi alifunga nguo zake Ijumaa ile ile. Akavaa buibui, akasema anahamia Ilala kwa mpwa wake mwingine, ambako watu wanasikia. Mume wangu alimwendesha mwenyewe, na kila Ijumaa bado anakwenda kumwamkia, nami simkatazi. Siku ile gari liliwaka hendeli moja. Alipokwisha kukaa akateremsha kioo, akanitazama mie na mtoto, akasema, "Mtaniita."

Hatujamwita.